Msumeno wa umeme na yule mtu wa pili

Naandika kutoka Usagara. Siyo ile ya Kilosa ambako Carl Peters alikwenda kusainisha mikataba yake mwaka 1884. Nazungumzia hii yetu ya Misungwi, njia panda unapokaribia Mwanza. Huku miembe imelalia mabati, miarobaini imeshafika kwenye nyaya za umeme, na siku hizi kuna wenye nyumba wasiomwita tena kijana wa panga. Wananunua msumeno wa cheni wa umeme, wanachomeka, wanapanda ngazi. Hiyo ngazi ndiyo inayonitia hofu, lakini tuanze na historia.

Kukata miti huku hakukuanza jana. Miaka ya 1920, chini ya Waingereza, mtaalamu wa mbung'o aitwaye Swynnerton alisimamia ufyekaji wa mapori kule Shinyanga, na maelfu ya Wasukuma wakatoka na mashoka yao. Shoka lina hatari zake, lakini linakwenda kwa nguvu za mkono wako. Ukichoka, nalo linapumzika.

Msumeno wa cheni hauchoki. Cheni yenye meno ilianzia kwa madaktari: mwishoni mwa karne ya 18 Waskoti wawili, Aitken na Jeffray, waliitumia kukatia mifupa, ikivutwa kwa mkono. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl akatengeneza msumeno wa cheni wa kukatia magogo, na ulikuwa wa umeme! Wengi tunadhani umeme ni mambo ya juzi, kumbe ule wa petroli aliutoa baadaye, mwaka 1929.

Mashine zile zilikuwa nzito, zikihitaji watu wawili. Mara nyingi mmoja alishika upande wa injini, mwenzake akashika ncha. Mwaka 1950 Stihl wakatoa msumeno wa petroli wa mtu mmoja. Ukawa mwepesi, naam, lakini yule mtu wa pili akaondoka na ncha ikabaki huru. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa tawi cheni ikiwa inazunguka, msumeno unaruka nyuma kuelekea usoni kwako, haraka kuliko unavyoweza kukwepa. Ndiyo maana miaka ya 1970 breki ya cheni ikaenea: ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ikisukumwa inasimamisha cheni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiukata mwembe wako mwenyewe, mrudishe yule mtu wa pili. Akae chini, mbali na tawi litakapoangukia, karibu na swichi, na awazuie watoto. Wewe simama ardhini, shika kwa mikono miwili, usikate juu ya mabega wala kwa ncha. Tawi nene likatwe kwanza kidogo kwa chini, halafu kwa juu, mbele kidogo ya ule mkato wa chini, lisije likachanika na kung'oa gome hadi shinani. Kisiki kinachobaki ukimalizie karibu na shina.

Msumeno wa umeme una hila yake: ukiacha kubonyeza unanyamaza, ukadhani umelala. Ukigusa tu swichi, cheni inazunguka. Chomoa waya au toa betri kabla ya kugusa cheni. Waya upite nyuma yako, usitumike kwenye mvua, na uchomekwe kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme ukivuja. Vaa miwani, buti na suruali nzito.

Tawi lililo juu kuliko mabega yako ni la fundi wa miti mwenye kamba na vifaa. Lililokaribia nyaya, waite TANESCO. Mti unakua taratibu, unaweza kuwasubiri.

Huko kwenu mnakata vipi? Na nani anakaa karibu na swichi?