Ngũgĩ wa Thiong'o: Mwandishi aliyeikasirikia serikali, si nchi yake

Mapema mwaka 1987, polisi nchini Kenya walitumwa kumkamata mtu aitwaye Matigari. Ilisemekana anazunguka nchini akiuliza wapi pa kupata ukweli na haki. Hawakumpata, kwa sababu hakuwapo. Matigari alikuwa mhusika katika riwaya. Kwa maelezo ya mwandishi wake, polisi walipogundua hilo, walikwenda madukani wakabeba vitabu.

Mwandishi huyo, Ngũgĩ wa Thiong'o, hawakuweza kumfikia. Alikuwa uhamishoni Uingereza.

Ugomvi ulianzaje?

Ngũgĩ alizaliwa mwaka 1938 kijijini Kamirithu, Limuru. Kwa miaka mingi aliandika kwa Kiingereza, akiwakosoa wakubwa, na hakuguswa. Mambo yalibadilika mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipotunga kwa Kikuyu tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Inamhusu mkulima anayepoteza kishamba chake cha ekari moja na nusu kwa hila za matajiri. Walioigiza walikuwa wakulima na vibarua wa Kamirithu, na jukwaa walilijenga wenyewe.

Serikali ya Jomo Kenyatta iliipiga marufuku. Desemba mwaka huo Ngũgĩ aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Katika gereza la Kamiti aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Ilipochapishwa, watu waliisoma kwa sauti majumbani na baani, na asiyejua kusoma akasikiliza.

Aliachiwa Desemba 1978, Daniel arap Moi akiwa rais, lakini hakurudishiwa kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Machi 1982, polisi walibomoa jukwaa la Kamirithu. Juni mwaka huo alikwenda London kuzindua kitabu, akaonywa kwamba akirudi atakamatwa. Mwezi huohuo Kenya ikafanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja.

Alimkasirikia nani?

Huko London, Ngũgĩ alishirikiana na Wakenya wengine, akiwemo mshairi Abdilatif Abdalla, aliyewahi kufungwa enzi za Kenyatta, kudai wafungwa wa kisiasa waachiwe. Watawala waliwaita watu kama hao maadui wa Kenya.

Lakini tazama lugha aliyoichagua. Akiwa ugenini, mbali na wasomaji wake, riwaya zake aliendelea kuziandika kwa Kikuyu. Anayeichukia nchi yake hahangaiki kuwaandikia watu wa kijijini kwao kwa lugha yao. Hasira yake ilikuwa kwa waliojiona kuwa wao ndio nchi.

Hasira hiyo aliigeuza pia kuwa kicheko. Katika riwaya ya Mũrogi wa Kagogo, mawaziri wa dikteta mmoja wanakwenda kufanyiwa upasuaji: mmoja aongezewe macho, mwingine masikio, ili wamwonee na kumsikilizia mkubwa wao kila kitu. Majina yao hayahitaji mkalimani: Machokali na Sikiokuu.

Je, alirudi nyumbani?

Alirudi mwaka 2004, miaka 22 baada ya kuondoka, Moi akiwa ameshastaafu. Alipokewa kwa shangwe. Siku chache baadaye, watu wenye silaha walivamia nyumba alimofikia Nairobi, wakamshambulia yeye na mkewe. Waliofikiri kwamba hatari imeondoka na rais mmoja walishtuka.

Hata hivyo hakuikana Kenya. Aliendelea kuandika kwa Kikuyu na kuzihimiza nchi za Afrika zithamini lugha zao. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87.