Ile namba ya ISO, na harusi niliyoiharibu

Leo naweka kodi kando kidogo tuzungumze kuhusu kamera. Mwaka jana binamu yangu alifunga ndoa, na kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo, nikapewa kazi ya kupiga picha. Asubuhi tulianzia nyumbani kwa bi harusi, jua likiwaka, kamera nikaiweka ISO 100. Picha zikatoka safi kabisa. Kisha tukaingia kanisani, ndani giza, padri akakataza flashi. ISO nikaisahau palepale kwenye 100.

Siku ya kuonyesha picha, shangazi alizitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona madhabahu imetoka vizuri lakini watu ni kama moshi?" Sikuwa na jibu. Kuvishana pete hakurudiwi.

Kwa aibu hiyo nikaanza kuchimba: hii namba ilitoka wapi?

Mwaka 1890, Ferdinand Hurter na Vero Driffield, waliofanya kazi katika kiwanda cha kemikali huko Widnes, Uingereza, walichapisha njia ya kupima jinsi bamba la picha linavyoitikia mwanga. Mwaka 1894 Julius Scheiner, mwanafalaki wa Ujerumani, akaleta kipimo chake. Yeye shida yake ilikuwa kupiga picha za nyota. Mwaka 1934 Wajerumani wakatoa kipimo cha DIN, na mwaka 1943 Wamarekani wakatoa chao cha ASA.

Hapa waandishi wa programu mtatabasamu. DIN ni kipimo cha logi: ukiongeza 3, wepesi wa filamu umezidishwa mara mbili. ASA ni namba ya kawaida: 200 ni mara mbili ya 100. Mwaka 1974 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaviunganisha kwa kuandika vyote viwili pamoja, kwa mfano ISO 400/27°. Kamati iliyokataa kumuudhi yeyote! Lakini watu wengi tulibaki na ile namba ya kwanza tu.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Kipimo cha zamani cha ASA kilikuwa na akiba ndani yake, ili mtu akikosea kukadiria mwanga, filamu ipate mwanga wa ziada badala ya kupungukiwa. Vipima mwanga vilipokuwa sahihi zaidi, mwaka 1960 akiba hiyo ikapunguzwa. Kodak Tri-X iliyokuwa 200 ikawa 400, ingawa filamu yenyewe ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namba tu.

Mpiga picha wa harusi wa enzi za filamu alichagua namba kabla ya kuanza. Akishatia mkanda wa picha 36, kwa kawaida aliutumia wote kwa wepesi huohuo. Ndiyo maana wengine walibeba kamera mbili, moja ya nje na moja ya kanisani. Mimi nilikuwa na kitufe kando ya kidole, na bado nikasahau.

Kamera za kidijitali zilipata kiwango chao cha ISO mwaka 1998. Nikon D1 ya mwaka 1999 iliishia ISO 1600. Nikon D3 ya mwaka 2007 ikafika 6400, na ukilazimisha, 25,600. Hapo ndipo kanisa lenye giza lilipoacha kuwa tishio kubwa.

Sasa hesabu yangu. Tundu la lenzi likiwa f/2.8, kanisa lile lilihitaji ISO 1600 kwa kasi ya 1/125 ya sekunde. Kwa ISO 100 mwanga unaohitajika ni mara 16, kwa hiyo kamera ikashuka hadi karibu 1/8. Nilikuwa nimeegemea nguzo, ndiyo maana madhabahu ilitulia. Maharusi ni watu, wanapumua na kusogea.

Nilikuwa naogopa ISO kubwa kwa sababu ya chenga. Lakini chenga nyingi huletwa na uhaba wa mwanga wenyewe, na programu za leo huzipunguza vizuri. Picha iliyotikisika hivyo hairudishwi kikamilifu na programu yoyote ninayoijua, nami kazi yangu ni programu.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: nje kwenye jua, 100 au 200, kanisani, 1600 hadi 3200, na kasi isishuke chini ya 1/125, ukumbini usiku, 3200 au 6400. Na kila nikivuka mlango, naitazama namba kwanza.

Desemba dada yake binamu anaolewa. Shangazi amesema nije na kamera. Safari hii nitaitazama mlangoni.

Haya, tukutane tena hapa. Kodi inaningoja.