Tope la Mlimani: Siku Moja Kinder, Siku Moja Bigo

Kiswahili kimezoea kuliweka tope bondeni. Ukitaja tindiga au kinamasi, msikilizaji huona mafunjo, vyura na mbu, mahali maji yalipoteremkia yakakosa pa kwenda. Lakini kuna tope linalokaa juu, mgongoni mwa mlima, ndani ya ukungu na baridi, ambalo kulivuka ni kazi ya mchana kutwa. Nimelitafakari kwa muda mrefu katika sehemu mbili: Kinder Scout, kaskazini mwa Uingereza, na Bigo, katika milima ya Rwenzori upande wa Uganda.

Kinder ni uwanda wa juu uliopo kati ya Manchester na Sheffield, na kimo chake ni mita 636 tu. Hauna kilele cha kupigia picha. Una udongo mweusi, laini kama machicha ya kahawa, ambao ni mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa kuwa maji na baridi havikuyaruhusu. Mvua imeuchimba ukawa mifereji yenye kina cha kimo cha mtu. Ukishuka ndani ya mmoja humwoni mwenzako. Ukipanda ukingo wa pili, unakuta mwingine unakungoja. Wanaoanza njia ndefu ya miguu iitwayo Pennine Way katika kijiji cha Edale huvuka Kinder, kisha uwanda jirani wa Bleaklow, na kulala Crowden, mwendo wa kilomita 26 hivi.

Bigo iko juu zaidi, kwenye mita zaidi ya 3,400, nayo inadai unyenyekevu wa namna nyingine. Kutoka kibanda cha John Matte hadi kibanda cha Bujuku ni kilomita chache, ila zinakula saa nyingi. Hapa hakuna mifereji. Kuna vishungi vya ndago, kila kimoja kama kichwa chenye nywele ndefu zilizolowa, na kati ya kimoja na kingine kuna tope la kumeza goti. Mguu huwekwa utosini, kwa kuwa pembeni kishungi huinama, na huondolewa mapema kabla hakijaanza kuzama. Wapagazi wa Kikonzo, wenyeji wa milima hiyo, wamejitwika mizigo na kuvaa mabuti ya mpira, hupita hapo kwa mwendo usiokatika, huku mgeni nyuma yao akisita kila hatua.

Mimea nayo inatofautiana. Kinder mpitaji ndiye mrefu. Nyasi zenye vichwa vyeupe kama pamba humfika magotini. Bigo mpitaji ndiye mfupi. Lobelia humpita kimo, na ile ambayo haijachanua imepanga majani yake kama bakuli lililojaa maji. Usiku wa baridi kali maji hayo hufanya ganda la barafu juu, na chipukizi lililo chini hubaki salama.

Swali la mguu ukanyage wapi limejibiwa kwa mawe Kinder, kwa mbao Bigo. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilimwaga moshi kwa vizazi kadhaa, na moshi huo uliua kuvumwani inayoshika maji ya Kinder. Vilipobomolewa, mawe bapa ya sakafu zake yalipandishwa mlimani kwa helikopta, yakalazwa juu ya udongo uleule ili buti za watembeaji zisiendelee kuuchana. Ni malipo ya haki, ingawa yalichelewa. Bigo, sehemu kadhaa, mbao zimetandikwa juu ya tope kwa mikono ya watu, na kwa unyevu ule zinahitaji kutazamwa kila mara.

Lakini tofauti inayonigusa zaidi ni ya ruhusa. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana mia kadhaa, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda Kinder wakiongozwa na Benny Rothman, aliyekuwa na miaka 20. Ardhi ilikuwa ya mabwanyenye waliowinda ndege jamii ya kwale, na walinzi wao walijaribu kuwazuia. Watano walifungwa jela. Kisha sheria zikabadilika polepole: hifadhi ya taifa ikaundwa hapo mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikampa kila mtu haki ya kutembea nyanda za namna hiyo. Kwa Mwingereza, hifadhi ilifungua lango.

Kwa Wakonzo, mambo yalikwenda kinyume. Mlima ulikuwa njia yao, mawindo yao na kimbilio lao. Wapiganaji wa Rwenzururu, vuguvugu lao la kudai kujitawala, walijificha humo tangu mwaka 1962. Katika imani yao theluji ya juu ni makao ya mungu wao Kitasamba, na yeyote apandaye anaingia nyumbani kwa mwenyewe. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1991, waliokuwa wakiwinda pimbi na kukata mianzi walikuta masharti mapya. Baadaye yalifanyika makubaliano ya kuwaruhusu wanakijiji kuchukua baadhi ya mazao, lakini neno hifadhi halina utamu sawa katika masikio ya pande hizi mbili.

Ndiyo maana hata mwendo wenyewe haufanani. Kinder mtu hujivunia kwenda peke yake, na ramani na dira, kwa kuwa upweke huo ulipiganiwa. Bigo unakwenda nyuma ya mwenyeji, ukitia mguu alipotoa wake. Wa kwanza asidhani wa pili amenyimwa uhuru, wala wa pili asimwone wa kwanza kuwa mkaidi. Hata hivyo nasema wazi: Uingereza imewarudishia watu wake mlima wao kwa sheria, na Wakonzo wanastahili haki hiyohiyo juu ya mlima wao. Ukienda Bigo, muulize anayekutangulia jina la kila kijito mnachovuka. Majina anayo yeye.