Jeraha la Morgul

Jeraha la Morgul ni jeraha la kichawi katika riwaya ya J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings (1954–1955). Frodo, shujaa wa riwaya, anachomwa kisu cha Morgul begani na mkuu wa Nazgûl, mizuka watumishi wa adui, kwenye kilima cha Weathertop. Kidonda chenyewe ni kidogo na hufunga upesi. Hatari ni kibanzi cha ncha kilichosalia mwilini, ambacho husogea kuelekea moyoni. Kikifika, majeruhi hafi, bali hugeuka mzuka mtumwa wa adui. Ndiyo maana tiba ya kawaida haifui dafu: huponya nyama, ilhali kinachoshambuliwa ni utashi wa mtu. Hata majani ya athelas, anayotumia Aragorn, msafiri mwenzake Frodo, kukanda bega, hutuliza maumivu na baridi tu. Kibanzi kinatolewa na Elrond, mponyaji na bwana wa Rivendell, siku 17 baada ya Frodo kuchomwa.

Uzito wa kisa hiki umo katika yanayofuata. Tolkien, aliyepigana katika Mapigano ya Somme mwaka 1916, hakumpa shujaa wake uponyaji kamili: kila Oktoba 6 maumivu humrudia, na hatimaye Frodo anaihama Dunia ya Kati, ulimwengu wa riwaya hiyo, kutafuta nafuu ng'ambo ya bahari.