Kapi la Ngalawa

Juma lililopita nilizunguka maduka ya Kinondoni hadi Temeke pamoja na mvuvi mmoja wa Kunduchi, tukitafuta kapi la kupandishia tanga. Plagi za injini za boti zilikuwapo, propela pia. Kapi halikuwapo. Mwishowe fundi wa ufukweni alilichonga kwa mbao.

Ni rahisi kudai kwamba ngalawa ni chombo cha kale kisichohitaji duka. Historia yakanusha. Katika karne ya 19, matanga ya pwani hii yalishonwa pia kwa marekani, kitambaa cha pamba kilichofumwa New England na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya nchi yao na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, kitambaa hicho kiliadimika; vya Uingereza na India vikashika soko. Baharia wa Mrima, basi, alitegemea viwanda vya ng'ambo kabla injini haijajulikana hapa. Hata lugha yashuhudia: nanga ni neno la Kiajemi, usukani la Kiarabu.

Kilichobadilika ni nani anayehesabiwa kuwa mteja. Nawauliza maofisa wanaonisoma: katika mipango yetu ya boti za kisasa na mikopo ya injini, mwenye ngalawa ameandikwa ukurasa gani? Tanga la mwenzangu huyu limeungwa kwa viroba vya unga, na maandishi ya kiwanda bado yasomeka.