Saruji ya Meno yenye Chembe za Nano

Saruji ya meno yenye chembe za nano ni kigandishi ambacho matabibu wa meno hukitumia kushikiza kofia, madaraja na vigae vya kauri juu ya jino, nacho hupambanuka na saruji za kale kwa kuwa kimechanganywa na chembe za madini ambazo upana wake haupiti nanomita 100. Nanomita ni fungu moja katika mafungu milioni elfu ya mita. Na kwa kuwa unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000, msomaji aweza kukadiria udogo wa chembe tunazozitaja.

Kauri ina sura njema na tabia ngumu. Haili kutu, haibadiliki rangi kwa chai wala kwa tambuu, na ikitengenezwa na fundi hodari hulandana na jino la asili hata jamaa wa mwenyewe wasitambue. Walakini ni yabisi, haipindiki hata kidogo, na ufa mdogo ukianza upande wake wa ndani huenda ukaipasua kwa ghafula. Kwa sababu hiyo saruji iliyo chini yake ina kazi mbili: kuishika isibanduke, na kuitegemeza isivunjike. Saruji ya fosfati ya zinki, iliyotumika tangu karne ya 19, iliweza kujaza nafasi na kukazana na mikwaruzo, illa haikuungana na jino wala na kauri. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa enameli, ganda gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki hupata vishimo ambamo utomvu wa kutengenezwa, yaani resini, waweza kuota mizizi. Mwaka 1968 Dennis Smith wa Manchester alileta saruji ya polikaboksilati, ambayo huungana na jino lenyewe. Na mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent wa London walitangaza saruji ya kioo na asidi, ijulikanayo kwa jina la glasi ionoma. Saruji za resini, ambazo leo ndizo zitumikazo aghalabu kwa vigae vyembamba, ni matunda ya kazi ya Buonocore na ya Mmarekani mwenzake Rafael Bowen.

Chembe za nano zimekuja juu ya msingi huo, na nguvu yake imo katika eneo la uso. Mchemraba wa sentimita moja kila upande una uso wa sentimita 6 za mraba tu. Lakini ukikatwa vimchemraba vya nanomita 10, nyuso za vipande hivyo zikijumlishwa hupata mita 600 za mraba, na kila mahali katika eneo hilo resini yaweza kushikana na madini. Hali kadhalika, mwashi wa Pwani ajengaye kwa mawe ya matumbawe hujaza vijiwe baina ya mawe makubwa asije akatumia chokaa tele. Na chembe za nano hukaa baina ya chembe kubwa za saruji, zikapunguza resini, ambayo ndiyo isinyaayo inapoganda, na kuukengeusha ufa unaotafuta njia. Fauka ya hayo, chembe iliyo ndogo kuliko mawimbi ya nuru, ambayo huanzia nanomita 400 hivi, haitawanyi nuru sana, basi saruji hubaki angavu. Jambo hilo si dogo, maana kigae chenye unene wa nusu milimita huonyesha rangi ya kilicho chini yake.

Chembe zilizojaribiwa ni za silika, zirkonia, titania, haidroksiapatiti, oksidi ya zinki na fedha, na kila moja ina aibu yake. Fedha huua vijidudu, lakini hutia weusi. Titania hukaza saruji, lakini huifanya iwe nyeupe isiyopenyeka, na taa ya samawati inayoigandisha isifike ndani. Aibu iliyo kuu ni ya jamii nzima: chembe ndogo hupendana, zikashikamana mabonge, na bonge ndani ya saruji si nguzo bali ni kilema ambapo ufa huanzia. Ndiyo sababu hupakwa kwanza silani, dawa yenye mkono mmoja wa kushika madini na mwingine wa kushika resini, na kipimo cha chembe huwa kidogo. Kikizidi, saruji huwa nzito, wala kofia haikai mahali pake. Kanuni ya kimataifa ISO 4049 hairuhusu utando wa saruji ya resini upite mikromita 50.

Wala chembe hazimwondolei tabibu kazi ya mikono. Kigae cha disilikati ya lithi hupakwa upande wa ndani asidi ya hidrofloriki kwa sekunde 20 hivi, huoshwa, hukaushwa hata uso uwe mweupe usiong'aa, kisha hudondoshewa silani. Na mate yakiugusa uso huo kabla ya saruji, kazi yote yaweza kubatilika. Zirkonia haina kioo ndani yake, kwa hiyo asidi hiyo haifui dafu. Hupulizwa vumbi la alumina, kisha hupakwa dawa iitwayo MDP, iliyotokea Japani.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki jambo hili lina mahali pake hasa. Kandokando ya mlima Meru na katika Bonde la Ufa maji mengi ya visima yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na waliokulia huko hupata meno ya kahawia ambayo kigae cha kauri huweza kuyasitiri. Enameli ya meno hayo huweza kuikaidi asidi, hivyo tabibu huenda akalazimika kuirefushia muda. Saruji, iwe na chembe gani, haitafidia enameli ambayo haikuandaliwa sawasawa.

Majaribio mengi ya saruji hizi yamefanywa juu ya meno yaliyokwisha kung'olewa, yakiloweshwa katika maji ya nyuzi 37 na kuhamishwa mara maelfu baina ya maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55. Kinywa cha mtu anayetafuna miaka kumi ni hakimu mwingine, na hukumu yake bado haijakamilika.