Liemba: Chombo Kilichobadilishwa ni Kile Kile?

Tanzania ilipoingiza njia kuu ya misafara katika orodha ya awali ya urithi wa UNESCO mwaka 2006, ilitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji. Vyote ni mahali pa kusimama, ilhali njia yenyewe ilikuwa mwendo: wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao begani, pembe za ndovu zikienda pwani pamoja na watumwa waliofungwa. Chombo cha usafiri chenye umri mkubwa kilichobaki mwishoni mwa njia hii ni meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika, na nadhani hiyo inatufundisha kuhifadhi kuliko nyumba ya kale ya tembe iliyoko Kwihara. Haijabaki kwa kuachwa ilivyokuwa. Imebaki kwa kufumuliwa na kuundwa upya, kila kizazi kikiitia mkono wake.

Kufika kwa vipande ilikuwa desturi ya njia hii kabla ya reli. Mwaka 1883 wamisionari wa London walifikisha Ujiji mashua ya chuma, Morning Star, iliyovushwa kutoka pwani vipande vipande. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mabega ikahamia kwenye mabehewa. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kisha ikafumuliwa, ilipakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita Tabora, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mafundi walikuwa wamezipaka injini grisi nzito, kama watu wanaotarajia kurudi. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza walipoitoa mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zikang'olewa, zikawekwa za dizeli; mwaka 1993 Denmaki ikagharimia matengenezo mengine makubwa.

Hapo ndipo mpinzani anapouliza: ukishaondoa mvuke, umehifadhi nini? Swali ni halali, na kwa makumbusho ya mitambo jibu lake huenda likawa "kidogo sana". Ila dunia ya wapenda magari imekwisha kulipitia. Vijana wa California waliyachukua magari ya Ford ya miaka ya 1920 na 1930, wakayavua madigadi, wakaweka injini zenye nguvu zaidi na kuyakimbiza. Hayo ndiyo hotirodi. Kwa muda mrefu watunzaji wa magari ya kale waliyaona kama uharibifu. Mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ngome ya magari yaliyorudishwa katika uasili wake, yakayafungulia daraja lao. Ukilirudisha gari la namna hiyo katika hali ya kiwandani, unafuta historia unayodai kuilinda. Na sisi tumekubali bila mjadala kwamba kitu kilichofanywa upya kinaweza kubaki kile kile: miembe inayoonyeshwa Ujiji kwenye mnara wa Livingstone na Stanley ni vipandikizi vya mti wa asili, na wageni huipiga picha bila kinyongo.

Pingamizi zito zaidi linahusu ukoloni. Kwa nini kutunza meli iliyotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vya Wazungu? Ningekubali kama Liemba ingekuwa bado ya kaisari. Lakini mwezi Mei 2015 ndiyo iliyowachukua wakimbizi wa Burundi waliokusanyika katika kijiji cha Kagunga, ikiwaleta Kigoma, na kwa miaka mingi kabla ya hapo imebeba dagaa, mahindi na abiria wa vijiji visivyo na gati, mitumbwi ikiifuata katikati ya ziwa. Kazi hiyo si maelezo ya pembeni ya historia yake. Ndiyo sehemu kubwa ya historia yenyewe, na haikuandikwa Papenburg.

Msimamo huu hauruhusu kubadilisha ovyo, wala haumsamehe mtu anayeuza chuma cha zamani kwa kilo. Unadai kitu kigumu zaidi, yaani kumbukumbu: bamba gani lilikatwa, mwaka gani, na fundi gani, kwa sababu gani. Usalama wa abiria utalazimisha mabadiliko mengine, na hilo ni sawa. Kinachonitia shaka ni mpango wowote wa kuigeuza kuwa makumbusho isiyosafiri, maana meli isiyosafiri hukosa mafundi, na bila mafundi hata makumbusho huanza kuvuja. Kwa hiyo pesa za kwanza za uhifadhi zingefaa ziende kwenye karakana za Kigoma na za reli Tabora, zilipe wanaojua kuchonga vipuri ambavyo hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena, na kumlipa karani wa kuandika kila wanachofanya.